Nyimbo za Misa katika Intaneti: Mlango Uko Wapi?

Zamani kitabu cha nyimbo kilikuwa kimoja tu katika misioni, na mwalimu wa korali alikifungia kabatini kama divai ya Misa. Siku hizi nyimbo zimehamia katika telefoni. Twalisifu jambo hilo. Lakini kazi yetu katika kurasa hizi si kusifu tu. Yatupasa kupima pia. Basi leo twataka kuzipima zile nyumba za nyimbo zilizo katika intaneti, zenye kutoa maneno, nota na akordi za gitare, tuone kama katekista wa kijiji kilicho kando ya ziwa la Tshangalele aweza kuingia ndani yake na kutoka na wimbo wa matoleo mkononi.

Twachagua Tshangalele kwa sababu. Ziwa hilo la upande wa Likasi halikuwako tangu kuumbwa kwa dunia. Lilizaliwa na ukuta uliojengwa pale Mwadingusha kuyafunga maji ya mto Lufira, na mashini za umeme zikaanza kazi mwaka wa 1930. Umeme ule ulienda migodini. Vijiji vingi vya wavuvi vilivyo karibu na maji yale yale vyakaa gizani hata leo. Telefoni yapata nguvu kwa jua, mega zanunuliwa kidogo kidogo, na mara nyingi siku ya Mungu padri hafiki: katekista ndiye aongozaye sala na nyimbo. Nyumba ya nyimbo isiyomfaa huyu, twasema wazi, haijajengwa kwa ajili ya Eklezia yetu, hata kama yapendeza macho.

Tuanze na iliyo njema. Kati ya Wakatoliki wasemao Kiswahili, inayojulikana sana ni ile iitwayo Swahili Music Notes, yenye nyimbo nyingi za watunzi wa Tanzania na Kenya. Kila wimbo una ukurasa wake, pamoja na jina la mtunzi, nota katika faili ya PDF, na mara nyingine maneno na sauti iliyopigwa na mashini. Lakini jambo tunalolisifu kuliko yote ni jingine: nyimbo zimepangwa kwa kazi yake katika liturjia, yaani mwanzo, zaburi, matoleo, komunyo, shukrani, tena Majilio, Kwaresima, Pasaka. Aliyeipanga hivyo alijua kwamba mtu wa korali hatafuti wimbo kama mtu anayetafuta shati sokoni. Aitafuta nafasi ndani ya Misa, na nafasi ile yataka wimbo wake. Nyumba nyingi za nyimbo za dunia zapanga kwa herufi ya jina la mwimbaji, nasi tukiiga mpango huo tutapotea. Katika parokia zetu, nani ajuaye jina la aliyetunga wimbo wa komunyo anaoupenda? Watu hujua mstari wa kwanza, au kiitikio. Kwa hiyo yapasa orodha ya mistari ya kwanza iwe karibu na mlango, na orodha ya viitikio pembeni yake. Jina la mtunzi lisifutwe, kwa kuwa ni haki yake na mali yake. Ila lisiwe ufunguo wa pekee.

Tatizo la pili ni maandishi. Ziwa lenyewe twaliona limeandikwa Tshangalele, na pengine Changalele. Basi, mtu akiandika Yesu, nyumba ya nyimbo isimwambie hakuna kitu kwa sababu wimbo uliandikwa Yezu. Vivyo hivyo Kristo na Kristu, Mtakatifu na Mutakatifu. Sisi watu wa Katanga twatia «u» mahali ambapo kitabu cha Dar es Salaam hakitii, na hilo si dhambi. Kumfundisha mashini kwamba maneno haya ni ndugu ni kazi ndogo kwa fundi. Akikataa kuifanya, anawafukuza watu wa huku wote, nao hawatajua hata kwamba wamefukuzwa. Watasema tu kwamba wimbo haumo.

Tena kuna uzito. Maneno ya wimbo wa beti nne, yakiandikwa kama maandishi matupu, hayafiki kilobaiti 2. Picha ya karatasi ile ile iliyopigwa kwa telefoni yaweza kupita megabaiti 2, maana yake mara elfu moja zaidi. Tena haisomeki: mtu avuta ukurasa kulia, avuta kushoto, na korali imekwisha kufika beti ya tatu. Faili ya PDF yafaa kwa kuchapa karatasi, hatuikatai. Lakini mlangoni yawe maandishi. Na mtu akiisha kuufungua wimbo mara moja, ubaki ndani ya telefoni yake hata mtandao ukikatika. Kwa kijiji cha wavuvi jambo hili moja lapita mapambo yote.

Sasa tufike kwenye akordi, mahali ambapo mafundi wengi wakosea. Wengi waziandika juu ya maneno, wakizipangia nafasi kwa macho. Kioo cha telefoni ni chembamba. Mstari wakatika, akordi yahama, na mpiga gitare abadilisha vidole kwenye neno lisilo lake. Dawa yake yajulikana tangu miaka ya 1990, ni ule mtindo uitwao ChordPro: akordi yaandikwa katika mabano ndani ya mstari, mbele ya silabi yake hasa, na mashini ndiyo inayoipandisha juu wakati wa kuonyesha. Mstari ukikatika, akordi hushuka pamoja na silabi. Tena mashini yaweza kuzihamisha akordi zote pamoja, wimbo ukiwa juu mno kwa sauti za mama zetu.

Lakini akordi zenyewe ziitwe namna gani? Sisi tulifundishwa na Wabelgiji: do, re, mi, fa, sol. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya walifundishwa na Waingereza, waandika C, D, E. Tena wanazo do na re nyingine, za ile tonika solfa aliyoieneza John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ambamo do yahama kwa kila wimbo. Kwetu do ni C, haihami. Basi mtu wa Likasi akisoma solfa ya Tanzania kwa macho ya Kibelgiji, wimbo ulio katika sol ataupiga katika do, na kinanda kitagombana na gitare mbele ya altare. Yapasa kiwepo kitufe kimoja cha kuchagua majina ya akordi, na pembeni ya solfa iandikwe wazi do ni ipi. Twashangaa kuona jambo rahisi namna hii likisahauliwa.

Twaongeza neno ambalo huenda halitawapendeza wapenda gitare. Maneno na akordi havitoshi. Vyamsaidia yule tu aliyekwisha kuusikia wimbo. Havionyeshi sauti yapanda wapi wala yashuka wapi. Guido wa Arezzo, mmonaki wa karne ya 11, alitaabika ili mwimbaji aweze kuimba wimbo ambao hajapata kuusikia. Karatasi ya maneno na akordi yaturudisha nyuma ya Guido! Kwa hiyo kila wimbo uwe na mstari mmoja wa solfa kwa sauti ya kwanza, au sauti fupi ya mtu anayeimba, hata bila vyombo. Sauti ya mtu twaitaka kuliko ya mashini, sababu mashini haipumui.

Na kwetu Katanga sababu ni kubwa zaidi. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco papa hapa Likasi, mji uliokuwa ukiitwa Jadotville. Akordi za Mwenda ni chache, kijana aweza kuzijifunza kwa siku moja. Lakini namna vidole vyake vilivyotembea ilimshughulisha mtaalamu David Rycroft katika makala mbili, 1961 na 1962. Herufi tatu juu ya maneno zingetuambia nini juu ya gitare ile? Vivyo hivyo Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka wa 1958 pamoja na Padri Guido Haazen: sehemu kubwa yake ilizaliwa katika vinywa vya waimbaji, si kwenye karatasi. Mtaguso wa Vatikano, katika hati ya liturjia ya 1963, namba 119, wataka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake. Hatuoni namna ya kuiheshimu sauti kwa kuitupa na kubakiza maneno.

Hati ile ile, namba 121, yadai maneno ya nyimbo yapatane na mafundisho ya Eklezia, na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na katika liturjia. Hapo twaona hatari ya nyumba ambamo kila mtu aweza kupandisha wimbo wake. Hatusemi ifungwe. Twasema wimbo uwe na alama ya kuonyesha kama umepata ruhusa ya askofu, na wapi. Tena anayesahihisha asiwe mwepesi wa kusahihisha Kiswahili cha wengine. Wimbo ukitoka Tshangalele na maneno yake ya Tshangalele, uandikwe kama unavyoimbwa huko, na kando yake iwekwe ile namna nyingine, kwa yule anayeitaka.

Wafratri watakaokwenda likizo katika vijiji vya ziwani wanayo telefoni mfukoni. Waanze na nyimbo kumi: mstari wa kwanza, kiitikio, nafasi yake katika Misa, jina la mtunzi kama lajulikana, na sauti ya mama mmoja anayeimba.