Kaya Kinondo, Shairi Linalosomwa kwa Miguu

Kabla ya hatua ya kwanza, mgeni huvishwa. Mwongozaji hukufunga kaniki kiunoni, hukuomba uvue kofia, kisha hukutajia miiko. Hakuna kubusiana humu. Makaburi hayapigwi picha. Hakuna kutoka na kitu, hata jani lililokwisha kuanguka lenyewe. Haya yote husemwa nje, juani, kwa sauti ya chini, na msitu uko pale pale mbele yako.

Mara ya kwanza nilipokwenda niliyahesabu hayo kuwa taratibu za mlangoni, mambo ya kumalizwa upesi ili safari ianze. Nimerudi mara kadhaa tangu siku hiyo na nimebadili mawazo. Kaniki ndiyo mshororo wa kwanza wa Kaya Kinondo, na ni mshororo uliotungwa vizuri sana. Sisi wa pwani tumelelewa na nguo zinazosema. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina hilo laweza kumpa jirani salamu au kumchoma moyo. Kaniki haina hata kimoja cha hivyo. Ni nyeusi, ni ya kazi, ya shamba, ya uganga, na ikishafungwa kiunoni huifunika suruali ya mtalii na gauni la mwenyeji kwa usawa uleule. Mtu anaingia msituni akiwa amenyamazishwa nguo, na kimya cha mdomo hufuata chenyewe.

Msitu ni mdogo. Ni hekta 30 hivi, kusini mwa Diani katika kaunti ya Kwale, karibu na bahari, katikati ya minazi, mashamba ya mihogo, vijiji vya Wadigo na hoteli za ufukweni. Kaya, katika lugha za Wamijikenda, ni makao, nyumbani; nalo jina Mijikenda ni hesabu ya miji kenda, yaani tisa, kwa Kiswahili cha zamani ambacho watunzi wetu hawajakisahau. Kaya zilikuwa vijiji vyenye ngome, vilivyojificha ndani ya misitu, na historia yake hurudi nyuma hadi karne ya 16. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhamia nje, mashambani. Makaburi yalibaki, na mahali pa kuomba, na wazee wenye dhamana. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza baadhi ya kaya hizi, Kinondo ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia.

Wanaousifu msitu huu husifu utulivu wake, nami nausifu. Lakini tumezoea kuuzungumzia utulivu wa msitu kama kitu kinachopatikana tu, kama hewa, pale watu wanapokosekana. Utulivu wa Kinondo umetungwa. Una umbo, na umbo hilo lina vipande vinavyoweza kutajwa kimoja kimoja, kama vile mwalimu wa ushairi anavyomwonyesha mwanafunzi ukwapi na utao.

Tuanze na upana wa njia. Watu wawili hawawezi kwenda sambamba. Ni lazima mmoja atangulie. Na mkiandamana namna hiyo mazungumzo hukatika, kwa sababu wa mbele hamsikii vizuri wa nyuma, na wa nyuma anaona mgongo tu. Hapana kibao kinachosema kelele hazitakiwi. Njia yenyewe ndiyo inayowatenganisha wasemaji. Kisha kuna ardhi. Chini ni mwamba wa matumbawe ya kale, wenye vishimo na ncha kali, na mizizi imetambaa juu yake kama mishipa juu ya mkono wa mzee. Haiwezekani kutembea hapo huku ukitazama juu. Unatazama chini, unahesabu hatua, na ukitaka kuuona msitu inakubidi usimame. Hapo ndipo macho hupanda: shina, mtambaazi mnene kama kamba ya jahazi, kisha mbali juu mwanga uliochujwa, na pengine mbega wakirukia tawi jingine, weusi wenye manyoya meupe mabegani. Mwendo, kituo, mwendo, kituo. Hizo ndizo mizani za Kinondo, na hazikuachwa kwa hiari ya msomaji.

Kila kituo kinajitosheleza. Mwongozaji hushika gome la mti, hutaja jina lake kwa Kidigo, husema unatibu nini na ni sehemu gani inayochemshwa, kisha huondoka. Hafungamanishi mti huu na ule uliopita. Ubeti mmoja, habari moja, kama kanuni ya utoshelezi inavyotaka. Lakini njia iliyo kati ya vituo haina utoshelezi wowote. Ni mistari mishata mitupu: unaona mita chache, njia inapinda, na kile ulichodhani ni mwisho kinageuka kuwa mwanzo wa kitu usichokiona. Ajabu ni kwamba kila pindo huanza na kitu kilichoishia pindo lililotangulia. Mzizi ulioukanyaga ukikata kona ndio unaokupeleka kwenye mti wake. Sauti ya hondohondo uliyoisikia nyuma, ile inayolia mithili ya mtoto mchanga, ndiyo inayokupokea mbele. Wanaoijua bahari ya pindu, ambayo kipande cha mwisho cha ubeti huanzisha ubeti unaofuata, watalielewa jambo hili upesi kuliko nitakavyoweza kulieleza. Mtunzi wa pindu anamfunga msomaji mkono kwa mkono na ubeti ujao. Huwezi kuruka.

Hapa mtu anaweza kuniuliza: nani mtunzi? Njia hupinda kwa sababu imekwepa miti na mawe, basi. Jibu limo katika historia. Kaya zilijengwa na watu waliokuwa wakijihami. Msitu ulikuwa ukuta, na njia nyembamba zenye malango zilikuwa sehemu za ukuta huo ambazo zingeweza kulindwa na watu wachache. Jeshi halipiti kwenye njia ya mtu mmoja mmoja. Anayekuja mbio hujikwaa. Anayekuja kwa shari husikika kabla hajaonekana. Kila sifa niliyoitaja hapo juu kuwa uzuri ilikuwa kwanza silaha.

Adui aliondoka zamani, na umbo limebaki, likifanya kazi nyingine. Nadhani hapa kaya na ushairi wetu wa jadi vimeingia katika historia ya aina moja. Vina na mizani vilikuwa mahitaji ya koo na sikio: shairi liliimbwa, na mahadhi hayakukubali mshororo uliopungua. Kisha ikaja karatasi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, lilichapa mashairi kwa wasomaji ambao wengi wao wangeyasoma kwa macho tu, na watunzi hawakuacha hata mizani moja. Walioshangaa kwa nini hawakujua kwamba umbo lililozoeleka hupata kazi mpya. Kilichokuwa msaada wa mwimbaji kikawa adabu ya fikra. Kinondo vilevile: kilichomchelewesha adui sasa kinamchelewesha mgeni, na kuchelewa huko ndiko tunakokuita heshima.

Katikati ya kaya zote pana uwazi, na katika masimulizi ya Wamijikenda ndipo ulipozikwa fingo, kinga ya mji. Mahali pa siri pa Kinondo mgeni hafikishwi. Safari yangu ya kwanza sikulitambua hilo. Ya pili nilitambua kwamba kuna mahali ambapo mwongozaji huelekeza mkono upande mmoja, hunena maneno machache kuhusu wazee na maombi, na miguu yake inakwenda upande wa pili. Njia yote imejengwa kuzunguka kitu ambacho haikupi. Mtunzi mdogo angeshawishika kukionyesha. Angeweka jukwaa, angeweka maelezo. Kaya inakuacha na uzito wa jambo lililo karibu na usilolifikia, na nimeona watu wazima, waliokuja kwa mapumziko ya ufukweni tu, wakipunguza sauti pale kuliko mahali pengine popote msituni, ingawa hawakuonyeshwa chochote.

Kuna ubeti mmoja ambao kwangu haukai sawa. Mgeni hualikwa kuukumbatia mti mkubwa na kuuambia haja yake. Watu huupenda, na sina haki ya kudharau alichonong'ona mtu kwenye gome la mti. Ila kwa umbo, naona hapo mshono unaonekana. Safari nzima imemfundisha mgeni kunyamaza na kutopewa. Ghafla anapewa zamu ya kusema na kuomba, na wenziwe wanamtazama. Nahisi ni ubeti uliokuja na utalii wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wazee walipofungua msitu ili kiingilio kisaidie jamii inayoulinda. Sababu ni njema na shule na familia za karibu zinahitaji fedha. Hata hivyo kila nipitapo hapo nasikia kina kimebadilika.

Nimewahi kutembea sana Karura, Nairobi, msitu wa hekta 1,000 na zaidi ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999 hadi damu. Naupenda. Lakini Karura inasomwa kwa namna nyingine kabisa: njia pana, njia panda zenye namba, ramani langoni, na kila mtu anajitungia mzunguko wake, mmoja akikimbia, mwingine akiendesha baiskeli na watoto. Hilo ni shairi huru, na uhuru wake ulinunuliwa kwa gharama kubwa. Anayetoka Karura kuja Kinondo hukosea pale anapouliza kama kuna njia ya mkato.

Vipande vinne vya mshororo mrefu huitwa ukwapi, utao, mwandamo na ukingo. Neno hili la mwisho linanikera kwa uzuri wake, kwa sababu ukingo ndio unaonitia hofu Kinondo. Ukitoka msituni na kufuata vijia vya nje, kati ya minazi na mikorosho, ukipishana na kina mama wenye kuni na vijana wa bodaboda, unaweza kuuzunguka msitu na kuuona jinsi ulivyo: kisiwa. Kuanzia mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, na sheria hiyo imesaidia. Lakini ardhi ya pwani ina bei, na ukuta mpya wa mawe ukisimama karibu na miti, hata bila kukata mti, umbo linaguswa. Zamani mtu aliukaribia msitu kupitia mashamba, kivuli kikiongezeka kidogo kidogo. Leo upande mwingine unatoka kwenye lami na kuingia gizani kwa hatua kumi. Hiyo ni kama kuanza utenzi katikati, bila dua ya ufunguzi. Ningeomba wanaopanga viwanja huko Kwale watembee vijia hivyo vya nje kabla ya kuchora mistari, tena kwa miguu, asubuhi.

Safari yangu ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulirudi langoni tukiwa tumelowa hadi magotini. Nilifungua kaniki, nikaikunja mara mbili, nikamkabidhi mwongozaji kwa mikono miwili. Yeye akaikunjua tena. Akaikagua polepole, upande huu na upande ule, mpaka akalikuta jani moja dogo lililonasa kwenye pindo. Akalibandua kwa kidole, akarudi hatua tatu kwenye njia, akaliweka chini.