Finale Ligure: njia za nyumbu zilivyogeuka uwanja wa baiskeli

Juu ya vilima vinavyoizunguka Finale Ligure, kaskazini-magharibi mwa Italia, kuna kambi ya zamani ya kijeshi ambayo waendesha baiskeli wanaiita Base Nato. Iko takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na siku ya anga safi bahari yenyewe inaonekana chini. Asubuhi za msimu, magari madogo ya abiria yenye matrela yaliyopangwa baiskeli hupanda hadi huko, yakashusha watu na mizigo yao, yakageuza kufuata wengine. Kazi ya waliobaki ni kushuka: kwanza msitu wa miti mirefu ya baridi, kisha mabonde yenye kuta za mawe, kisha mashamba ya mizeituni, hadi kwenye lango la Finalborgo, mji mdogo wenye kuta za karne ya 15, uliojengwa pale mito ya Pora na Aquila inapokutana.

Italia haina uhaba wa vilima, na vijiji vya kale imejaa tele. Kwa nini basi mji huu mmoja ndio uliogeuka mahali ambapo waendeshaji wa dunia nzima wanataka kufika? Jibu la kawaida ni mandhari na hali ya hewa, kwani bahari iko karibu na baridi kali haishuki hadi pwani, hivyo baiskeli hutembea hata Januari. Hilo ni kweli. Lakini naona mzigo mkubwa umebebwa na jambo ambalo watu hawalipigi picha, nalo ni namna maji ya mvua yanavyoondoka njiani.

Tuanze na mwamba. Kuta zinazoinuka juu ya Finalborgo ni za jiwe la chokaa lililotokana na mabaki ya viumbe wa baharini, linalojulikana kama Pietra di Finale. Rangi yake hucheza kati ya nyeupe, njano na wekundu wa kutu, na uso wake umejaa vitundu. Wapanda miamba waliligundua jiwe hili kabla ya baiskeli, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu linashika kidole na kiatu. Tairi nalo linashikwa vivyo hivyo. La muhimu zaidi ni kwamba maji hayakai juu yake, huzama kwenye nyufa na mapango. Val Ponci, bonde zuri kuliko yote hapo kwa maoni yangu, halina mto unaotiririka mwaka mzima. Mvua ikinyesha usiku, njia nyingi za ukanda wa chokaa hurudi kuendesheka mapema, wakati sehemu nyingine za Ulaya watu bado wanasubiri tope likauke. Juu zaidi, msituni, mambo ni tofauti. Huko mawe ni magumu na ya kale zaidi, na udongo ni mweusi wa majani yaliyooza. Mwendeshaji anayeshuka kwa kasi ileile katika kanda zote mbili hupata somo lake haraka.

Baada ya mwamba waje wajenzi. Warumi walipitisha hapa barabara ya Via Julia Augusta, iliyoanzishwa mwaka 13 KK, na katika Val Ponci yamebaki madaraja ya enzi zao. Lililohifadhika vizuri zaidi, Ponte delle Fate, bado limesimama na unaweza kupita juu yake ukiwa umeshika usukani. Karne nyingi baadaye Wahispania, walioitawala Milano isiyo na bahari, waliichukua Finale mwaka 1602 ili wapate bandari ya kushushia askari na mizigo yao. Mwaka 1666 mhandisi Gaspare Beretta alitengeneza barabara ya kupanda milima kutoka hapo ili binti mfalme Margherita Teresa apite akielekea kuolewa na Kaizari Leopold I. Chini ya barabara hizo kubwa ulikuwepo mtandao wa njia ndogo za wakulima, za nyumbu waliobeba mizigo kati ya pwani na vijiji vya ndani.

Hizo njia za nyumbu ndizo kiini cha habari hii, kwa hiyo tuzitazame kwa karibu. Mawe yake hayakulazwa bapa. Yamesimamishwa kwa ubavu, yakabanwa pamoja, upande mrefu ukiwa umezama ardhini na uso mdogo tu ukionekana juu. Jiwe lililolazwa bapa hung'olewa na maji au kwato, bali lililosimamishwa hukaa. Sehemu zenye mwinuko, kila baada ya hatua kadhaa kuna mstari wa mawe uliokatiza njia kwa mshazari, ukiwa umeinuka kidogo, kazi yake ni kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata kasi. Upande wa juu na wa chini kuna kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, na kwa kuwa hazina saruji maji hupenya katikati yake badala ya kuzisukuma zikaanguka. Ufundi huo wa kuta kavu UNESCO iliuingiza mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, Italia ikiwa miongoni mwa nchi zilizouwasilisha.

Sasa linganisha na kanuni wanazofuata wajenzi wa njia za baiskeli leo. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima, la sivyo maji yatafuata njia badala ya kuikatiza. Uso wa njia uinamie kidogo upande wa bondeni. Mteremko mrefu ukatwe mara kwa mara na kipande kifupi cha kupanda, maji yakifika hapo yakose pa kwenda ila nje. Ni hesabu ileile ya wale wakulima. Kwa hiyo waliokuja kufufua njia za Finale kwa ajili ya baiskeli walikuta sehemu ngumu ya kazi imeshafanywa na watu waliokwisha kufa zamani. Walifyeka vichaka, wakaunganisha vipande, wakachonga njia mpya pale ambapo za zamani zilikuwa zimekufa au zilikuwa za moja kwa moja mno.

Kilichobaki ni kupata aina ya mchezo inayofaa mahali hapo. Tangu mwaka 1999 uwanda wa Manie, juu ya bahari, umekuwa na mashindano ya saa 24, ambayo yaliwafundisha wenyeji kupokea umati wa watu wenye baiskeli na mahema. Lakini uwanda ni uwanda. Mabonde yalipata thamani yake kamili ilipokuja enduro. Kanuni yake ni rahisi: mshindani hupanda kwa muda aliopangiwa, ambao hauhesabiwi isipokuwa akichelewa, kisha hushuka vipande kadhaa vinavyopimwa kwa saa, na jumla ya nyakati za kushuka ndiyo matokeo yake. Mashindano ya namna hiyo hayahitaji magari ya kamba kama yale ya milima ya theluji. Yanataka barabara za kupandia na njia nyingi za kushukia, vitu ambavyo Finale imejaliwa. Enduro World Series ilipoanza mwaka 2013, duru yake ya kwanza ilifanyika Punta Ala, Toscana, na ya mwisho Finale Ligure mwezi Oktoba. Jérôme Clementz na Tracy Moseley wakamaliza wakiwa mabingwa wa kwanza.

Baiskeli nazo zilikuwa zimekomaa wakati huo. Ile ya enduro ina shokapu mbele na nyuma zinazobonyea kwa milimita 150 hadi 170, siti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe, na tairi pana zisizo na tyubu. Upepo wake ni mdogo kuliko anavyotegemea mtu wa baiskeli za barabarani: paundi 22 hadi 25 mbele kwa mtu wa uzito wa wastani, na mbili tatu zaidi nyuma. Kwenye mawe yaliyosimamishwa, tairi lenye upepo mwingi hudunda na kukosa mshiko, na lenye upepo mdogo mno hubanwa mpaka ringi igonge jiwe.

Breki ndipo uchambuzi unapogeuka uchungu kidogo. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 90, wakishuka mita 1,000, nishati wanayopaswa kuitoa ni kama kilojouli 880. Hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji kutoka joto la kawaida. Sehemu fulani huenda kwenye upepo na kwenye tairi, lakini katika njia yenye kona nyingi sehemu kubwa huishia kwenye diski za breki na, mwendeshaji akikosea, kwenye ardhi. Anayefunga gurudumu la nyuma kabla ya kona analisukuma jiwe, na jiwe likilegea udongo ulio chini yake huondoka. Wakipita wengine mia mahali palepale, panatokea mfululizo wa mashimo, kila mtu anaanza kufunga breki mapema zaidi ili ayaepuke, na mashimo yanarefuka kuelekea juu. Maji ya mvua inayofuata huyaunganisha yakawa mfereji. Mstari wa mawe uliotoa maji pembeni kwa karne nyingi unaweza kuharibika katika misimu michache.

Dawa yake inajulikana. Kona isogezwe mpaka pale kilima kinapolegea, au kabla yake pawekwe kipande kidogo cha kupanda ili kasi ipungue yenyewe bila breki. Mahali pa kufungia breki patandikwe mawe ya ubavu, kama walivyofanya wazee. Ni kazi ya mikono, na mashine haifiki katika mabonde yale membamba. Dawa ya pili iko kwa mwendeshaji: fanya kazi ya breki mahali palipo sawa kabla ya kona, tegemea zaidi ya mbele, shusha visigino, uzito uwe miguuni na si mikononi, kisha achilia breki ukiwa ndani ya kona. Inaleta kasi zaidi, na pia huacha jiwe mahali pake.

Magari ya kupandisha watu yameujengea mji huu uchumi, sina ubishi na hilo. Lakini yameondoa kizuizi cha asili. Aliyepanda kwa miguu yake mwenyewe hushuka mara moja au mbili kwa siku, naye aliyepandishwa anaweza kushuka mara nne au tano, jioni akiwa amechoka na vidole haviwezi tena kupima breki. Uharibifu mwingi, nina hakika, hutokea saa hizo. Kila kiti katika gari kingepaswa kulipia sehemu ya jiwe linalorudishwa njiani, na siku baada ya mvua kubwa magari yasipande hadi msituni kabisa.

Kwa hiyo wewe unayepanga safari ya huko: shuka kwenye treni kituo cha Finale Ligure Marina, panda siku ya kwanza kwa pedali kupitia Val Ponci hadi Manie, ukitazama jinsi mawe yalivyopangwa, kabla ya kukata tiketi ya gari. Kona ikikushinda, teremka utembee. Ukikuta jiwe limeng'oka, lirudishe kwenye shimo lake, ubavu ukiwa chini.