Kisutu Mbele ya Lenzi

Fremu za kwanza zinaonyesha mkono na kibao kilichoandikwa kwa chaki: 500T, +3. Kibao kinaondoka, anabaki dada mmoja ameketi mbele ya ukuta wa kijivu, mweusi tititi, kisutu begani. Taa moja inammulika kutoka kushoto. Anaitazama lenzi, anageuza uso taratibu mpaka shavu moja liingie kivulini, kisha anarudi alipoanzia. Sekunde 15. Kibao kinarudi: +2. Dada yule yule, ukuta ule ule, anageuka vile vile. Hivyo hivyo hadi −3, mara saba.

Huu ni mkanda wa majaribio wa milimita 16, tulioupiga tulipokuwa wanafunzi wa upigaji picha za sinema Ulaya. Nimeutazama mara nyingi kuliko filamu nyingi zenye visa na wahusika. Kwa kawaida mkanda wa namna hii huchukuliwa kama karatasi ya hesabu: ukishapata jibu, unaiweka kando. Mimi nausoma kama utungo. Una kibwagizo, yaani ule uso unaorudi, na una jambo moja tu linalobadilika kutoka ubeti hadi ubeti, yaani kiasi cha mwanga, kinachohesabiwa kibaoni kwa stopu juu au chini ya kipimo cha kawaida. Kazi ya msomaji ni kupaona mahali kibwagizo kinapoanza kupasuka.

Mkanda wetu wa kwanza haukuwa na umbo hilo. Tulibadilisha mwanga kwa kufungua na kufunga lenzi, kutoka f/1.4 hadi f/11. Kihesabu tulikuwa sawa: hizo ni stopu sita, na kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu. Lakini lenzi iliyofunguliwa sana huona sehemu nyembamba tu kwa ukali. Kwenye +3 ukuta ukayeyuka na ncha za kisutu zikawa ukungu; kwenye −3 hata mikwaruzo ya rangi ukutani ilihesabika. Jicho likashughulika na ukungu na ukali, likaisahau filamu. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, mizani ikavurugika. Futi 100 zikaenda hivyo, nazo kwa fremu 24 kwa sekunde ni dakika 2 na sekunde 47 tu. Kwa mfuko wa mwanafunzi, iliuma.

Wa pili tuliupanga upya. Lenzi ilikaa f/4 mwanzo hadi mwisho. Taa nayo hatukuigusa, kwa kuwa taa ya tangsteni ukiipunguza nguvu mwanga wake unaelekea wekundu, na hapo ungekuwa umebadilisha jambo la pili bila kujua. Tuliipanga itoe mwanga wa +3, tukawa tunaongeza vichujio vya kijivu mbele ya lenzi, stopu moja baada ya nyingine.

Wazo la kisutu lilikuwa la huyo dada. Chati ya rangi tulikuwa nayo, ile yenye miraba, lakini alisema chati hana mazoea nayo, kisutu anakijua. Nyekundu, nyeusi, nyeupe: kanga ya harusi aliyoiona tangu utotoni, kwa jua la mchana na kwa taa ya kandili. Wekundu wake ukipotoka hata kidogo, mtu wa pwani haambiwi. Naamini huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika mkanda ule.

Nauangalia sasa baada ya kurekebishwa, kijivu cha ukuta kikiwa kimelinganishwa katika beti zote saba ili tofauti zibaki kwenye filamu yenyewe. Kwenye +2 na +1 weusi wa kisutu una nyuzi. Unaona kitambaa kilivyofumwa. Nyeupe imetulia. Kwenye 0 kila kitu kipo, ila nyuzi zimeanza kujificha. Kwenye −1 ndipo ufa wa kwanza unapotokea, tena si kwenye kisutu. Uko chini ya taya. Dada anapogeuka, mstari unaotenganisha taya na shingo unapotea kwa muda, kisha unarudi. Kwenye −2 haurudi tena. Weusi umekuwa rangi ya majivu, wekundu umekuwa kutu, na giza lote linachemka chembechembe.

Sababu imo ndani ya filamu. Negativu ya rangi ina tabaka za bluu, kijani na nyekundu, na kila moja imechanganya chembe kubwa zinazowahi kuupokea mwanga na chembe ndogo zisizo na haraka. Mwanga ukiwa haba, huamka kubwa peke yake, nazo huonekana mojamoja. Ukitosha, ndogo hujaza mapengo na picha hulainika.

Wenzetu walipiga majaribio yao kwa uso wa mzungu, na kwao −2 bado ilisomeka. Hawakukosea. Uso wao ulikuwa juu zaidi kwenye ngazi ya mwanga, kwa hiyo ulikuwa na pa kushukia. Uso mweusi huchorwa na mng'ao wa paji, pua na shavu, na uzuri wake umo katika mteremko kati ya mng'ao huo na kivuli. Kwenye −2 mng'ao ulibaki kama mstari mmoja juu ya shavu. Mteremko ulikuwa umekwisha.

Kwa miongo mingi maabara za Marekani na Ulaya zilibandika mwanzoni mwa reli fremu chache za mwanamke, karibu kila mara mzungu, akiwa na vipande vya rangi pembeni, ili mafundi wapimie rangi. Watazamaji hawakumwona, lakini ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo.

Kulikuwa na mkanda wa tatu, sawa na wa pili kwa kila kitu, ila tuliomba usafishwe kwa kuzidishwa stopu moja. Filamu hii husafishwa katika dawa yenye joto la nyuzi 41.1 kwa dakika 3. Ukitaka kuzidisha, unairefushia muda. Nilitarajia −1 ifufuke. Mng'ao wa shavu ulipanda kweli, wekundu wa kisutu ukakolea, chembe zikavimba. Chini ya taya palibaki patupu kama awali. Dawa hukuza kilichoandikwa na mwanga. Pale ambapo mwanga haukuandika kitu, haina cha kukuza. Ndiyo maana sikubaliani na wanaokuita kuzidisha huko njia ya kuokoa picha. Mpiga picha John Alcott alipoipiga filamu ya Barry Lyndon ya Stanley Kubrick (1975), aliizidisha filamu nzima stopu moja, shoti za mchana pamoja na zile za mishumaa, hivyo sura yote ikawa na tabia moja. Hapo ni mtindo uliochaguliwa tangu mwanzo.

Tulipokuja kupiga filamu fupi ya dada yule, yenye usiku mrefu jikoni, kipimo cha mwanga nilikiweka 250 badala ya 500, kasi ya filamu yenyewe. Yaani kila shoti ilipata stopu moja ya ziada, na taa ikabidi isogezwe karibu zaidi ya alivyopenda. Katika shoti ya mwisho anainama juu ya jiko, uso nusu gizani. Taya yake unaiona hadi anapoinuka.