Ufundi wa Kupunguza

Majira ya baridi ya Coon Rapids hayana huruma kwa pikipiki. Mji huu wa jimbo la Minnesota, Marekani, uko kaskazini mwa Minneapolis, kandokando ya Mto Mississippi, na kuanzia Novemba hadi karibu na Aprili barabara zake hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula chuma bila kuchagua. Kwa hiyo pikipiki hufungiwa ndani, na wengi huzisahau mpaka jua lirudi. Kwa anayependa spana, hata hivyo, hiyo ndiyo miezi ya kazi. Gereji ya nyumbani huwashwa hita, taa huvutwa karibu na benchi, na Honda kuukuu hufunguliwa kipande kwa kipande ili igeuzwe kafe resa, yaani pikipiki iliyopunguzwa vitu ili iwe nyepesi na ya kasi.

Pikipiki za namna hii zilipata umaarufu Uingereza miaka ya 1950 na 1960. Mkahawa wa Ace Cafe, kwenye barabara ya North Circular jijini London, ulifunguliwa mwaka 1938, ukaharibiwa na mabomu wakati wa vita, ukajengwa upya mwaka 1949. Vijana waliokutana hapo walikuwa na shauku ya kufikia maili 100 kwa saa, yaani takriban kilomita 160. Mashine za mashindano zilikuwa ghali mno, kwa hiyo walichukua pikipiki waliyoendea kazini, wakaivua kila walichoona ni mzigo, wakashusha usukani na kuinamia tanki. Waliobobea walitoa injini ya Triumph, iliyosifika kwa nguvu, wakaifunga kwenye fremu ya Norton iitwayo Featherbed. Fremu hiyo, kazi ya ndugu wawili McCandless wa Belfast, ilitumika kwenye mashindano kuanzia mwaka 1950 na ilisifika kwa kushika barabara. Pikipiki iliyotokana na ndoa hiyo iliitwa Triton.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumezoea kinyume chake. Kwetu pikipiki huongezewa. Bodaboda hutiwa keria, vyuma vya kukinga miguu, siti ndefu, mwavuli na kipande cha mpira cha kuzuia matope. Fundi huongeza kwa sababu kazi inadai: kuna abiria wawili, kuna gunia la viazi, kuna kreti za soda. Kafe resa hubeba mtu mmoja mwenye haja moja, kwenda kasi na kukata kona vizuri. Lakini fundi wa Kisumu na fundi wa Coon Rapids huanza na swali lilelile: kifaa hiki kiko hapa kwa kazi gani? Anayeongeza akikosea, kosa lake huonekana mara moja. Anayepunguza anahitaji kujua zaidi, maana kila anachokiondoa kilikuwa kimebeba jambo fulani, na jambo hilo halikomi kwa sababu kifaa kimetupwa.

Chukua Honda CB350, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1968 na 1973. Ina silinda mbili na injini ya cc 325. Marekani iliuzwa kwa wingi sana, na ndiyo maana hadi leo inaweza kupatikana nyuma ya ghala la shamba, imefunikwa turubai. Somo la kwanza hutoka kwenye skrubu. Vichwa vyake vina alama ya msalaba, na mtu huona bisibisi ya nyota ya kawaida inatosha. Haitoshi. Wajapani walifuata kipimo chao, na bisibisi isiyo yake huteleza na kukwangua kichwa mpaka kiwe duara. Fundi makini hutafuta bisibisi ya kipimo hicho, huipigilia kidogo kwa nyundo ili ikae sawasawa, ndipo anazungusha.

Kisha huja kukata mkia wa fremu, ili siti fupi yenye nundu ikae pale palipokuwa na siti ya watu wawili. Msumeno hauna simile. Ukipita mahali shokomzoba za nyuma zinapofungwa, umeharibu kiungo kinachobeba uzito wote wa mpanda. Mwenye busara huweka magurudumu na shokomzoba kwanza, akapima nafasi ya tairi linapopanda, akatia alama, akalala nayo usiku mmoja kabla ya kukata. Halafu huchomelea bomba lililopindwa kuunganisha ncha mbili zilizobaki, kwa sababu kipande kilichotoka ndicho kilichokuwa kikizuia fremu isijipinde.

Mtihani mkubwa uko kwenye hewa. Wengi hupenda kuondoa kasha la chujio chini ya siti na kufunga vichujio viwili vidogo, ili katikati ya fremu pabaki uwazi mtupu. Uwazi huo unapendeza kweli. Lakini kabureta za CB350 hufanya kazi kwa mvuto wa hewa: ndani yake mna utando wa mpira unaoinua pistoni ndogo yenye sindano ya mafuta, na utando huo hutegemea hewa inayoingia kwa utulivu. Kasha lile lilikuwa likiituliza. Likiondoka, pistoni hutetemeka, mchanganyiko hukosa mafuta, injini hukohoa katikati ya mwendo na kupata joto kupita kiasi. Hapo ndipo kazi ya subira inapoanza: kubadilisha jeti, kuendesha, kuzima, kufungua plagi na kuisoma. Nyeupe inasema mafuta ni haba. Nyeusi yenye masizi inasema yamezidi. Rangi ya kahawia hafifu inasema umekaribia. Wapo mafundi wazuri wanaofika mwisho wa safari hiyo wakalirudisha kasha mahali pake, na kazi yao haipungui heshima hata kidogo.

Nausifu ufundi huu kwa sababu humfanya mtu awaheshimu waliomtangulia. Hujui kwa nini mhandisi wa Japani aliweka kipande fulani mpaka ukiondoe na mashine ikujibu. Vijana wetu walioko Minnesota, wengi wao wakiwa na wajomba waliofunga injini chini ya miti ya jua kali, wanastahili kujaribu kazi hii. Itawafundisha kuuliza kabla ya kukata, na kukubali jibu la chuma hata kama halifanani na picha waliyokuwa nayo kichwani. Pikipiki ikiingia barabarani mwezi wa Mei, watazamaji watasifu wepesi wake. Wepesi huo ni halali kwa fundi aliyelipia kila kilichoondoka kwa kujua kilikuwa kikifanya nini.