Taswira au Robota?

"Pakia usanidi katika taswira ya kontena." Sentensi hii imo katika mwongozo wa mafunzo niliopewa niupitie mjini Singida. Haina neno lisilopatikana katika Kiswahili. Hata hivyo, nilipowasomea vijana waliokusudiwa kuutumia, mmoja aliuliza picha hiyo ingeonekana wapi.

Kosa si la kijana. Neno kontena halina haja ya kutetewa: lilitoka bandarini na shehena, likafika Singida, ambako hata duka la kando ya barabara huwa kontena. Tangu Docker ilipotangazwa mwaka 2013, watunzi wa programu wameeneza maana yake mpya, yaani mahali palipotengwa ambapo programu hufanya kazi pamoja na mahitaji yake yote. Maana hiyo yakubalika.

Lenye kasoro ni taswira. Kiingereza kilikwisha kuzoea kuita nakala kamili ya diski kwa neno lenye maana ya picha. Mfasiri akachukua maana ya kwanza aliyoikuta katika kamusi. Lakini kitu kinachotajwa hakionyeshi chochote. Ni mzigo uliofungwa, wenye programu, maktaba zake na mipangilio, ambao haubadiliki. Kutokana nao huanzishwa kontena moja au mia.

Upotofu huu una hasara. Anayedhani kwamba ana picha tu haoni hatari ya kutia humo neno la siri la hifadhidata. Mzigo huo hufungwa kwa matabaka. Neno la siri lililotiwa katika tabaka la chini na kufutwa katika la juu lingali limo, na kila apewaye nakala aweza kulichimbua.

Napendekeza robota. Wakulima wa pamba wa Iramba wanalijua: ni mzigo ulioshindiliwa na kufungwa, na kilichofungiwa ndani husafiri nao. Nakiri kwamba robota la pamba likifunguliwa limekwisha, ilhali hili la kompyuta hubaki zima. Nilifikiria pia kalibu, kwa kuwa kalibu moja hutoa matofali mengi. Lakini kalibu ni tupu, nalo jambo tunalotaka msomaji alikumbuke ni kwamba ndani mna vitu.

Kitenzi pakia nacho hakifai. Kwenye simu zetu kimekwisha kupewa kazi ya kupeleka faili mtandaoni. Mwenye asali wa Singida huifungasha kwanza, kisha huipakia garini. Mwongozo umeziunganisha kazi mbili hizo. Ama usanidi, na libaki kuwa jina la tendo. Matokeo yake yaitwe mipangilio, kama simu hizo hizo zinavyosema.

Sentensi ile ningeiandika hivi: "Fungasha programu na mipangilio yake ya kudumu katika robota, neno la siri lipewe kontena linapoanzishwa."