Kikokotoo cha umbali na msafiri wa Tarime

Andika majina ya viwanja viwili vya ndege kwenye kikokotoo cha umbali, kitakurudishia namba mbili: kilomita na saa. Ya kwanza sina ugomvi nayo. Ya pili inanikera, kwa sababu watu wanaipangia safari.

Mwanza hadi Dar es Salaam inatoka kama kilomita 850. Hiyo ndiyo njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia ya mviringo, hesabu ya pembe tu, na vikokotoo vingi vinaipata sawasawa. Uvivu unaanzia kwenye saa. Vingi vinagawa zile kilomita kwa mwendo mmoja usiobadilika, tuseme 800 kwa saa, basi. Kwa hesabu hiyo Seronera hadi Arusha, kilomita kama 225, ni dakika 17! Seronera zinatua ndege ndogo kama Cessna Caravan, ambazo mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa. Hata zisipopitia kiwanja kingine kuchukua watalii, ni dakika 45 na ushee.

Safari ndefu zina kesi yao: upepo. Oktoba 28, 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, takriban kilomita 11,840. Kwenda ilipangwa kama saa 15, kurudi kama 14. Umbali ni uleule, sasa saa nzima imeenda wapi? Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwenye kimo cha kilomita kama 10, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani unapambana nao, ukirudi unakusukuma.

Utasikia utetezi kwamba kwenda na kurudi zinafidiana. Hazifidiani. Chukua ndege ya kilomita 900 kwa saa na safari ya kilomita 7,200. Bila upepo ni saa 8 kwenda na 8 kurudi, jumla 16. Weka upepo wa kilomita 100 kwa saa: kwenda inakuwa saa 9, kurudi saa 7 na dakika 12. Jumla imezidi dakika 12, maana upepo unakuchelewesha kwa muda mrefu kuliko ule unaokusaidia.

Ila kwangu kasoro kubwa iko ardhini. Mtu wa Turwa, pale Tarime, yuko kama kilomita 810 kutoka uwanja wa Dar kwa mstari ulionyooka. Akitaka kupandia Mwanza, anapita Bunda na Magu kwa gari, zaidi ya kilomita 250, na akifika uwanjani yuko kilomita 850 kutoka Dar. Yaani kakaa garini masaa na masaa, na Dar imesogea mbali zaidi! Kikokotoo kinamwambia saa moja na dakika nne. Mwenye miadi Muhimbili au usaili wa asubuhi akiiamini namba hiyo, ataachwa na ndege, au atalala Mwanza kwa hela ambayo hakuipanga.

Sidai kikokotoo kijue barabara ya Tarime. Mstari mmoja chini ya jibu ungetosha: mwendo tuliotumia ni huu, upepo hatukuuhesabu, na muda ni wa angani tu.