Taslimu ya Wadogo, Ahadi ya Wakubwa

Aliyeishi kwenye nyumba ya miti na udongo anamjua mchwa. Haji kwa kishindo. Hupanda kimyakimya kwa njia yake ya udongo, nyuma ya kabati au chini ya jamvi, na siku unapokuja kugundua, ubao unaoushika unapukutika mkononi kama unga. Mwaka 2017 mchwa walifanya kazi yao hiyohiyo ndani ya jumba lililowahi kuwa makao ya kifalme jijini Rio de Janeiro. Walitafuna jukwaa lililobeba kiunzi cha dinosaria mwenye urefu wa mita 13, na Makumbusho ya Taifa ya Brazili yakalazimika kufunga mojawapo ya vyumba vyake vilivyopendwa zaidi.

Mwezi Julai 2018 chumba kilifunguliwa tena, kwa fedha za kuchangishana. Leo ninazifuata fedha hizo hatua kwa hatua: zilivyopatikana, kilichozifanya zitoshe, na mahali ambapo mkono wake haukufika. Somo lake linawahusu hasa watoto wa shule na walimu wao, kwa sababu kila makumbusho yenye dinosaria, chumba chake ni cha watoto kwanza. Wao ndio humvuta mzazi kwa mkono hadi mlangoni, na wao ndio hujitolea kupitisha kopo la michango mlango ukifungwa.

Mnyama na jukwaa lake

Dinosaria huyo anaitwa Maxakalisaurus topai. Mifupa yake ilichimbuliwa katika jimbo la Minas Gerais, na mwaka 2006 jopo la wanasayansi, Alexander Kellner akiwa mmoja wao, lilimtangaza rasmi na kumpa jina linalowaenzi Wamaxakali, wenyeji wa asili wa jimbo hilo. Alikula majani, alikuwa na shingo ndefu na mkia mrefu, na aliishi takriban miaka milioni 80 iliyopita. Ni wa ukoo wa titanosauri, ukoo wenye jamaa kwetu pia. Mwaka 2019 ulimwengu ulitambulishwa kwa titanosauri aliyechimbuliwa kando ya mto Mtuka, kusini magharibi mwa Tanzania, akapewa jina la Kiswahili kitupu: Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa kuwa mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Zamani za kale Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa nchi kavu moja, kwa hiyo undugu huo hauna ajabu.

Kiunzi kilichosimama chumbani Rio kwa sehemu kubwa kilikuwa nakala ya mifupa, na jambo hilo lina uzito katika hesabu ya michango. Mtoto hatoi sarafu yake kwa sababu ya thamani ya kisayansi ya kisukuku. Anaitoa ili apate kusimama chini ya shingo ile, ainue macho, na aone kwa mwili wake jinsi alivyo mdogo. Jukwaa lilipooza, nafasi hiyo ndiyo iliyopotea. Sayansi ya mnyama ilikuwa salama kwenye maandishi, lakini mlango ulikuwa na kufuli.

Ng'ombe mdogo wa Rio

Makumbusho hayo, yaliyoanzishwa mwaka 1818 na kusimamiwa na Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio de Janeiro, yalistahili kupewa reali 520,000 kwa mwaka kwa matunzo. Tangu mwaka 2014 yalikuwa hayajawahi kupata kiasi hicho kikamilifu. Kusubiri fungu la serikali kwa ajili ya jukwaa kungekuwa kusubiri meli bandari kavu. Ndipo wahusika wakageukia njia ambayo Wabrazili huiita vaquinha, maana yake ng'ombe mdogo.

Jina hilo lina kisa chake. Inasimuliwa kwamba karne iliyopita mashabiki wa klabu ya soka ya Vasco da Gama walichangishana ili kuwazawadia wachezaji, na viwango vya zawadi vikapewa majina ya wanyama wa bahati nasibu ya mitaani. Katika bahati nasibu hiyo ng'ombe ni namba 25, hivyo zawadi ya kiwango hicho ikawa ng'ombe. Ukweli usio na shaka ni kwamba uwanja wa klabu hiyo, São Januário, ulifunguliwa mwaka 1927 kwa michango ya wanachama na mashabiki, na hauko mbali na bustani yanakosimama makumbusho. Watu wa upande ule wa jiji walikuwa wameshajua maana ya kujenga kwa sarafu.

Safari hii ng'ombe alipita kwenye intaneti. Zikapatikana takriban reali 58,000, wakati huo kama dola 15,000 za Marekani. Jukwaa likatengenezwa na mnyama akarudi mahali pake. Kwa taasisi iliyokuwa ikipungukiwa hata fedha za usafi, hayo yalikuwa mafanikio ya kweli, na yanastahili kuchambuliwa kama fundi anavyofungua mashine inayofanya kazi.

Kwa nini ilifanya kazi

Gurudumu la kwanza ni kitu kimoja. Watu hawakuombwa kuyaokoa makumbusho, neno pana lisilo na mwisho. Waliombwa kumrudisha mnyama mmoja kwenye chumba kimoja. Kamati yoyote ya harusi kwetu inalijua hili: mjomba atakayesitasita ukimwomba achangie shughuli, atatoa upesi ukimwambia ng'ombe wa pilau bado hajapatikana.

La pili ni bei inayofikika. Reali 58,000 si fedha ya mtu mmoja wa kawaida, lakini zikigawanywa kwa mamia ya watu zinakuwa nauli na vitafunwa vya siku chache. Mchangiaji akipiga hesabu kichwani anaona kwamba fungu lake ni tofali, si punje ya mchanga baharini.

La tatu ni kuonekana kwa mchangiaji, na mfano wake bora uko New York mwaka 1885. Sanamu ya Uhuru ilikuwa imetolewa na Wafaransa, lakini msingi wake ulikwama kwa kukosa fedha. Joseph Pulitzer akatangaza mchango kupitia gazeti lake, The World, na akaahidi kuchapa jina la kila mtoaji, hata wa senti moja. Kwa miezi mitano zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, wengi wao wakitoa chini ya dola moja, na watoto wakiwemo. Mtoto aliyeliona jina lake gazetini alikuwa amepata sehemu ya sanamu ile kabla haijasimama. Mchango wowote wa watoto hauna budi kuwa na ukurasa wa namna hiyo, iwe ni ubao wa shule au karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Gurudumu la nne ni uthibitisho. Chumba kilifunguliwa, kwa hiyo aliyetoa aliweza kwenda kuona. Mchango usiofikia siku ya kuonyesha kilichofanyika huua mchango utakaofuata.

Kisichochangiwa

Sasa tuhamie upande wa daftari ambao hauonekani. Wenye uzoefu wa michango kwetu huchora safu mbili: ahadi na taslimu. Mtu anaweza kusimama mbele ya ukumbi, akapigiwa makofi kwa ahadi nzito, na siku ya shughuli mwenye sufuria akabaki na zile za wanyonge waliotoa mkononi.

Mwezi Juni 2018, makumbusho yakiadhimisha miaka 200, benki ya maendeleo ya taifa, BNDES, ilitia saini mkataba wa reali milioni 21.7 kwa ajili ya ukarabati, ikiwemo kinga dhidi ya moto. Kiasi hicho ni kama mara 370 ya kile kilichotolewa kumrudisha dinosaria. Lakini kilikuwa katika safu ya ahadi. Safu ya taslimu ilikuwa na ng'ombe mdogo peke yake.

Jumapili tarehe 2 Septemba 2018, jioni, baada ya wageni kuondoka, moto ulizuka. Uchunguzi wa polisi wa shirikisho uliukuta umeanzia kwenye kiyoyozi katika ukumbi wa mihadhara wa ghorofa ya chini, mahali ambapo mfumo wa umeme haukuwa na kinga ya kutosha. Wazima moto walipofika, mabomba ya maji yaliyo karibu hayakuwa na maji. Hakuna mtu aliyepoteza maisha. Lakini katika hazina ya vitu vipatavyo milioni 20, sehemu kubwa iliteketea, na chumba kilichofunguliwa Julai kiliungua pamoja na jumba. Jukwaa jipya lilikuwa limesimama kwa miezi miwili tu.

Wapo waliosema kwamba basi mchango ule ulikuwa bure. Siwakubalii hata kidogo. Jukwaa lilitengenezwa kwa bei iliyotajwa na likafanya kazi iliyokusudiwa. Kasoro ilikuwa katika mgawanyo wa mzigo: umma ulitimiza sehemu yake kwa taslimu, na sehemu ya serikali ikabaki kwenye karatasi. Tena tuwe wakweli kuhusu tabia yetu sisi wachangiaji. Waya wa ethi hauna macho wala shingo ndefu, na sijaona mtoto akichora kikata umeme kwenye daftari lake la sanaa. Vitu hivi havipendeki, ndiyo maana vikiachiwa mapenzi ya watu havipati mtoaji. Kwa hiyo lazima viwe wajibu wa anayekusanya kodi.

Mchango wa kurasa mbili

Je, shule inayotaka kuchangia chumba cha visukuku, iwe Rio, Nairobi au Dar es Salaam, ifanye nini? Napendekeza daftari la kurasa mbili.

Ukurasa wa kwanza ni wa mnyama. Uandikwe kitu kimoja, bei yake, tarehe ya mwisho, jina la kila mtoto na alichotoa, hata kama ni shilingi mia. Mwalimu asikae na fedha peke yake. Wanafunzi wawili na mzazi mmoja watie saini kila zinapohesabiwa. Kazi ikiisha, darasa zima liende kuona.

Ukurasa wa pili ni wa jumba. Huu haukusanyi fedha, unakusanya majibu. Watoto waende kwa mlezi wa makumbusho na maswali yao: waya za umeme zilikaguliwa lini, na nani? Maji ya kuzimia moto yako wapi, na yamejaribiwa? Nani anapulizia dawa ya mchwa, na fungu lake limelipwa mwaka huu? Majibu yaandikwe kwa tarehe. Yasipopatikana, watoto waandike barua kwa wizara, kwa mwandiko wao, wakitaja kiasi walichokwisha kutoa wenyewe.

Barua hiyo ina nguvu ambayo ripoti ya mtaalamu haina. Mtaalamu anaomba, na mwombaji huzoeleka. Mtoto aliyekwisha kutoa anadai, na mkononi ana daftari. Ofisa anayesoma kwamba Darasa la Nne wamelipa jukwaa, naye bado hajalipa waya, hana pa kujificha.

Baada ya moto, wafanyakazi wa makumbusho ya Rio hawakungoja jumba lijengwe. Mwezi uleule walipanga meza kwenye bustani ya Quinta da Boa Vista wakawaonyesha watoto walichokuwa nacho. Ndani ya magofu kilikutwa kimondo cha Bendegó, jiwe la chuma lenye zaidi ya tani tano, likiwa salama. Mwezi Oktoba yakatangazwa mabaki ya fuvu la Luzia, mwanamke aliyeishi zaidi ya miaka 11,000 iliyopita, yaliyookotwa kipande kwa kipande kwenye majivu. Mwaka 2024 mkusanyaji wa visukuku, Burkhard Pohl, alitoa visukuku 1,104 vya Brazili ili kuijaza upya hazina.

Siku moja kutakuwa tena na mnyama mrefu chumbani, na watoto watainua macho. Ningependa mmoja wao, akishamaliza kumtazama, ashushe macho hadi kwenye jukwaa, afuate ukuta hadi kwenye swichi, kisha amgeukie mwongoza wageni na kuuliza swali la ukurasa wa pili.